Pembe Yangu na Gramafoni ya Koplo

Haya jamani, sogeeni penye moto, na wewe unayemenya mihogo usiache kumenya, maana masikio hayatumii mikono. Leo nawasimulia jinsi mtu mzima kama mimi nilivyolionea wivu sanduku.

Msicheke bado, mtacheka mbele. Wako watu wanaona wivu kwa ng'ombe wa jirani, wengine kwa shamba, wengine kwa mke. Mimi wivu wangu ulikuwa wa sanduku lenye mpini pembeni, halina miguu wala meno, na ulinikondesha mpaka mbwa wangu akanibwekea akidhani mgeni.

Zamani hizo za Mwingereza nilikuwa na sauti. Hii mnayoisikia leo ni makapi yake. Nikiimba huku kwetu juu, upande wa Mhezi, watu wa Same kule chini uwandani walianua nguo, wakidhani ni ngurumo. Siku moja niliimba asubuhi, ukungu ukapasuka katikati, tukaliona treni limesimama stesheni, na dereva wake amekaa anasikiliza badala ya kuondoka. Asiyeamini akamuulize, ingawa alikwisha kufa.

Kazi yangu ilikuwa kuimbia msaragambo. Msaragambo ni kazi ya wote: pembe inalia alfajiri, kila nyumba inatoa mtu na jembe, mnakwenda kuzibua mfereji au kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Nyumba isiyotoa mtu inatozwa jogoo, na jogoo huyo analiwa siku hiyohiyo, mwenyewe anaitwa aje kunusa.

Lakini mwimbaji hashiki jembe. Hiyo ilikuwa sheria, hata mkubwa wetu hakuigusa. Mwimbaji anasimama ukingoni pakavu, anapuliza pembe, anaanzisha wimbo, watu wanaitikia na majembe yanashuka pamoja, puu. Makande yakiiva, bakuli la kwanza ni lake. Babu yangu aliimba, baba yangu akaimba, na mimi nikarithi ile pembe ya tandala pamoja na viganja laini kama vya mtoto mchanga. Nilivipenda viganja vyangu. Nikimshika mtu mkono kanisani, alikuwa anageuka kutazama kama ameshikwa na mchungaji.

Mke wangu pia nilimpatia pale ukingoni. Alikuja na jembe la mama yake, msichana bado, nikaimba, akaacha kuchimba akainua uso. Mwenyewe mpaka leo anadai aliacha kuchimba kwa sababu ya funza mguuni. Mimi najua ilikuwa sauti.

Tukaoana. Na nyumbani nikaendelea na sheria ileile.

"Baba watoto," ananiambia, "maharage yamezongwa na magugu."

"Mama," namjibu, "jembe linakausha koo. Nikilima leo, kesho ndiva itaimbiwa na nani?"

Anaguna, anachukua jembe, anakwenda. Na mimi nilivyokuwa mjinga wa mapenzi, lile guno nililihesabu kuwa kiitikio.

Basi akarudi koplo. Huyu tulizaliwa mwaka mmoja, tukachunga mbuzi pamoja, na tangu utoto akifungua mdomo kuimba mbuzi walikuwa wanarudi zizini wenyewe, saa nne asubuhi. Hapo ndipo nilipompendea. Urafiki wetu ulikaa vizuri sana: yeye ana nguvu, mimi nina sauti. Kisha ikaja ile vita ya pili, Mwingereza akamchukua, akampeleka Bama kupigana na Mjapani, akakaa huko hata tukaanza kumsahau. Siku ya kurudi alishuka Same kwenye treni, akapanda mlima kwa miguu na kofia yake ya jeshi kichwani, na juu ya kofia amejitwika gramafoni.

Jumapili, baada ya ibada, watu wote badala ya kwenda kula wakajaa uwanjani kwake. Akaliweka sanduku kwenye kigoda, akafungua kifuniko, akatoa santuri nyeusi, duara, inang'aa kama kikaango kilichopakwa mafuta. Akaingiza mpini pembeni, akazungusha kama mtu anayesaga nafaka. Kisha akafungua kopo dogo la bati, akatoa sindano fupi ya chuma, akaichomeka kwenye kichwa cha ule mkono wa sanduku, akaishusha polepole. Likakwaruza kidogo. Halafu akaimba mwanamke.

Jamani, mimi ni mtu wa kutia chumvi, mnanijua, lakini hapa sitii. Ile sauti ilinishika hapa, chini ya mbavu. Ilikuwa lugha ya mbali, hata koplo mwenyewe haijui, lakini yule mwanamke alikuwa anaomba kitu, na nyuma yake kuna nyuzi zinalia kama zinamsaidia kuomba. Alipopanda juu nikajua sasa atachukua pumzi, kwa maana mimi ni fundi wa pumzi, najua mtu anapoishiwa. Hakuchukua. Akaenda mbele, akazunguka, akarudi, ndipo akapumua, kidogo tu, kama mtu anayekumbuka. Nywele za mikono zikanisimama. Machozi yakanijia, nikasema ni moshi, na hapakuwa na moto.

Watu wengine walichungulia ndani ya sanduku kutafuta aliyeimba. Mimi sikuchungulia sanduku. Nilimchungulia mke wangu.

Alikuwa amefumba macho.

Mke wangu hajawahi kufumba macho kwa wimbo wangu, ila amesinzia. Na midomo yake ilikuwa wazi kidogo, na mkono ameuweka shavuni. Nikajua nimeibiwa. Nimeibiwa na mwanamke ambaye simwoni, simjui, na siwezi hata kwenda kumgombeza kwao.

"Baba watoto," akaniambia njiani, "yule anaimba."

"Na mimi ninafanya nini?"

Akafikiri. Hatua kumi nzima anafikiri. "Wewe unaita watu kazini," akasema.

Tangu siku hiyo sikula vizuri. Nilikuwa namaliza sufuria, lakini bila furaha. Asubuhi mke wangu anatwanga mahindi huku anauvumisha wimbo wa yule mwanamke, maneno hajui, anaweka yake, kitu kama "liya liyo, chumvi imekwisha." Mimi nakaa mlangoni na pembe yangu naisugua kwa mafuta ya ng'ombe. Nikaanzisha wimbo wangu mzuri kupita wote, ule wa kuita maji. Mke wangu akanyamaza kwa heshima mpaka nikamaliza, kisha akaendelea na wake kutoka alipoachia.

Nikajaribu kuiga. Nikaenda korongoni peke yangu, nikapanda juu kama yule mwanamke, nikazunguka, na nilipotaka kurudi sauti ikakatika. Ng'ambo ya korongo mtu akauliza kwa nguvu, "Ni nani anachinja huko, na mbona hatuitwi?"

Na koplo, mnajua alikuwa anafanya nini? Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, watu wanamletea ndizi, wanamletea pombe ya miwa, wanamwambia, "Hongera kwa kuimba." Kuimba. Mtu aliyefukuza mbuzi.

Sasa haya yote ningeyavumilia. Lakini ikafika siku ya kuzoa tope kabla ya mvua, na koplo akaenda kwa mchili, yaani mkubwa wetu wa kitongoji, akamwambia mbele za watu, "Mzee, shikamoo. Siku ya ndiva nitaleta gramafoni iwaimbie watu. Na kwa kuwa mwimbaji hashiki jembe, mimi nitakaa ukingoni nizungushe mpini."

"Marahaba," mchili akasema. Alikuwa mzee mpole, anapenda sana lile sanduku, na kila Jumapili alikuwa wa kwanza kufika, hata ibada alikuwa anaiona ndefu. "Ni wazo zuri. Lakini waimbaji hawawezi kuwa wawili. Nyumba mbili zisiposhika jembe, tope litazolewa na nani?"

Watu wote wakageuka kunitazama. Wakatazama viganja vyangu.

"Mzee," nikasema, "pembe je? Sanduku halisikiki ng'ambo. Nani atawaita watu?"

"Utawaita wewe," akasema. "Utapuliza alfajiri. Halafu ukifika utachukua jembe kama wenzako. Tujaribu siku hii moja. Gramafoni ikifaa, basi imefaa."

Nikarudi nyumbani nimekufa nusu. Vizazi vitatu hatujakanyaga lile tope. Nikamwambia mke wangu. Akaacha kupepeta, akaniuliza polepole, kama anaogopa kuamka kwenye ndoto, "Utashika jembe? Wewe?" Akainama tena kwenye ungo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nikadhani analia kwa ajili yangu.

Siku yenyewe nikapuliza pembe kukiwa kunapambazuka, nikaipuliza kwa uchungu hata nadhani walisikia mpaka kijiji cha Bendera. Kisha nikashika njia, na njia inapita kwa koplo. Nikaona sanduku liko barazani, limefungwa tayari, na koplo yuko ndani anakunywa uji, namsikia anavyoufyonza. Juu ya sanduku liko lile kopo la sindano.

Mimi si mwizi. Hata siku ile sikuwa mwizi, nilikuwa mwimbaji. Nilifungua kopo nikatoa sindano zote, kopo nikalirudisha mahali pake likiwa tupu, nikalifunika vizuri. Tatizo likawa moja: nilikuwa nimejifunga shuka begani, na shuka haina mfuko. Sindano zinanichoma kiganja, hiki kiganja laini. Uji ndani unaelekea kwisha, nasikia kijiko kinakwangua. Nikachana jani kavu la mgomba, nikazifunga humo kama ugoro, nikazisukuma ndani ya pembe yangu, nikasindilia na jani lingine. Nikaondoka ninapiga mluzi, mwepesi kama nimebatizwa upya.

Kwenye ndiva watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Hata wale wanaougua kila siku ya msaragambo walikuwa wamepona. Koplo akaweka sanduku kwenye jiwe langu, jiwe la babu yangu, akanyoosha kofia. Mimi nikapewa jembe. Nikaingia kwenye tope mpaka magotini, na mke wangu alikuwa ukingoni, hatua mbili kutoka kwangu, akaniangalia kama watu wanavyomwangalia bibi harusi.

Sindano ya jana ilikuwa bado imo kwenye kichwa cha mkono wa sanduku. Koplo akazungusha mpini, wimbo ukaanza, yule yule mwanamke. Watu wakainua majembe, wakasubiri mahali pa kuyashusha. Hapakuwapo. Yule mwanamke alikuwa anavuta tu, anavuta, na majembe yako hewani, mikono inatetemeka. Mmoja akashusha huku, mwingine kule. Nikafurahi kimoyomoyo. Lakini wakazoea jamani, hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Wakaanza kuchimba taratibu, kwa kuyumba, kama miti kwenye upepo, na hakuna aliyelalamika.

Wimbo ukaisha. Koplo akasema, "Sasa tubadilishe sindano, hii imekuwa butu." Akafungua kopo. Akaligeuza. Akalipiga chini kwenye kiganja. Akatazama ndani kwa jicho moja.

"Sindano zangu ziko wapi?"

"Labda ulizisahau Bama," nikamwambia kutoka kwenye tope.

Watu wakaguna. Mchili akashika kiuno. Na mimi nilikwisha kuanza kusafisha koo, nikaegemeza jembe, nikanyoosha mguu mmoja kutoka topeni, naelekea jiwe langu. Nilikuwa nimebakiza hatua tatu.

Mke wangu akasema, "Koplo shemeji, hebu nionyeshe hiyo butu."

Akaishika, akaipima kwa kidole. Kisha akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa mwiba. Mwiba wa mgunga wa kule uwandani, mrefu, mweupe, mgumu kama mfupa. Jamani, mwiba ule naujua. Ni ule alionitolea funza kila Jumamosi, miguu yangu ameipakata, tangu tulipooana. Nilikuwa nauhesabu kuwa kitu chetu sisi wawili. Akaukata kwa meno kwa kipimo, akampa koplo.

"Jaribu huu."

Koplo akauchomeka. Akashusha mkono wa sanduku, na mimi nikaomba kwa Mungu, nikaomba hata kwa mizimu ambayo tulikwisha kuiacha.

Likaimba vizuri zaidi. Ule mkwaruzo wa chuma haukuwapo. Sauti ikatoka laini, ya karibu, kama yule mwanamke amekuja amekaa kwenye nyasi. Hata ndege walinyamaza. Mwiba wa funza wangu. Nikarudi kwenye tope mwenyewe bila kuambiwa.

Tukachimba, au wao walichimba na mimi nikagusagusa, mpaka jua likafika juu. Wanawake wa makande wakatoa ishara kwamba yameiva. Mchili akasema, "Puliza pembe, wale wa mfereji wa juu waje kula."

Pembe ilikuwa mgongoni kwangu, inaning'inia kwa kamba yake.

"Mzee," nikasema, "mdomo unaniuma."

"Umeumia?"

"Huzuni."

"Puliza, kijana, watu wana njaa."

"Mzee, tuwatumie mtu akawaite kwa miguu."

Hapo mke wangu akasimama wima. Mke wangu ananijua. Siku nyingine mimi naombwa niache kupuliza. "Baba watoto," akasema, "tangu lini unabembelezwa?"

Nikaweka mdomo nikapuliza kidogo, kwa adabu. Ikatoka sauti ya mbuzi mwenye mafua. Watu wakacheka. Koplo naye akacheka, akasema, "Mwazimeni mwiba." Sasa hapo ndipo nilipoharibu. Ningevumilia lolote, lakini kuchekwa sauti na mtu yule, wa mbuzi wale, nilishindwa. Nikajaza kifua, nikajaza tumbo, nikajaza mpaka magoti, nikasahau kabisa kilichomo ndani, nikapuliza.

Pembe ikazibuka. Majani yakaruka, na sindano zikatoka kama nyuki waliochokozwa, zinameremeta juani, nyingine zikaangukia tope, nyingine kwenye sufuria ya makande, na tatu nilizihesabu mwenyewe zimesimama kwenye kofia ya koplo. Na mlio uliofuata nyuma yake ulikuwa mzuri, jamani, lazima niseme, ulivuka mabonde hata wa mfereji wa juu wakaja wanakimbia. Lakini hakuna aliyeusifu.

Koplo akavua kofia. Akachomoa moja, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hii ni yangu," akasema.

"Ajabu," nikasema. "Labda pembe imezaa."

Mchili akanitazama muda mrefu, na huruma yake iliniuma kuliko sindano.

"Kwa nini?" akaniuliza.

Nilikuwa na uongo wa kila aina tayari, mimi siishiwi. Lakini nilimtazama koplo pale kwenye jiwe la babu yangu, nikamtazama mke wangu, na ukatoka ukweli peke yake. "Kwa sababu linaimba kuliko mimi," nikasema. "Na yeye alifumba macho."

Hata koplo akatazama chini. Nadhani angeniachia. Lakini msaragambo una sheria, na mchili akaitoa palepale: nizoe fungu la tope la nyumba yangu na la nyumba ya koplo, leo, mpaka kona ile ya mwisho, na makande nile wa mwisho baada ya watu kutafuta sindano ndani yake. Koplo naye akaambiwa aendelee kuzungusha mpini mpaka nimalize.

Wakala. Mimi nikachimba. Viganja vyangu vilipasuka kabla hawajafika chini ya bakuli. Koplo akaweka ule wimbo tena, kwa mwiba, na mimi niko peke yangu katikati ya ndiva na watu wote ukingoni wananitazama kama ngoma. Nilikusudia kuchimba kwa hasira. Lakini yule mwanamke akaanza kuomba kile kitu chake, akavuta, nikajikuta nainua jembe anapopanda. Akazunguka, nikasubiri. Aliporudi nikashusha, puu, na alipopumua na mimi nikapumua. Mara ya tatu kiuno changu kilikuwa kinakwenda chenyewe. Tope linaruka nyuma yangu kama nina wafanyakazi kumi. Nilikuwa bado namwonea wivu, lakini nilikuwa namwitikia.

Nikafika kona ya kwanza. Nikafika ya pili. Hata waliokuwa wanatafuna wakaacha. Na mke wangu, bakuli mkononi, akapayuka mbele ya kitongoji kizima:

"Koplo shemeji, usisimamishe hilo sanduku. Miaka yote hii namwomba huyu mtu alime maharage, kumbe alikuwa anangoja kupigiwa muziki."